Kona ya Ala: Gitaa la kulaza mapajani

Barua za safari hii zimetoka Kusini, na nyingi zinauliza juu ya ala moja: gitaa la stili, lile linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Tumechagua tano.

Ndugu wahariri, nina gitaa kavu la kawaida. Nimelilaza mapajani, nikachukua soketi ya spana na kuitelezesha juu ya nyuzi. Inagonga freti, inakwaruza, na hata nikifika kwenye noti, sauti inakaa pembeni kidogo. Kasoro ni gitaa, soketi au mimi?
*Mpiga solo, Mtwara Mjini*

Vyote vitatu, ila gitaa ndilo la kuanza nalo. Limeundwa nyuzi zikae chini, karibu na freti (vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo), ili vidole visitaabike. Kwa stili unataka kinyume chake: nyuzi ziwe milimita 8 hadi 10 juu ya ubao wa shingo. Kwa hiyo inua kidaraja cha juu, kile kilicho karibu na funguo. Wenye maduka makubwa ya muziki huuza kifuniko cha chuma cha kuvika hapo. Kwetu, mabaki ya mpingo kutoka kwa wachongaji wa Kimakonde yanatosha kabisa. Kata kipande chenye urefu sawa na upana wa shingo na kimo cha kutosha kufikisha nyuzi kwenye hizo milimita, kisha kichimbe mfereji kwa chini ili kikalie kidaraja cha zamani. Usitie gundi. Mkazo wa nyuzi utakishika, na siku ukitaka gitaa lako la kawaida unakitoa. Vijifereji vya nyuzi viwe na kina cha nusu ya unene wa uzi tu.

Jambo ambalo wengi hulisahau: migongo ya nyuzi zote sita iwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana shingo yenye mbinuko kidogo, na kidaraja hufuata mbinuko huo. Chuma chako hakipindi, kwa hiyo kitakandamiza nyuzi za kati huku za pembeni zikikwaruza. Nyoosha juu na chini, kwenye vidaraja vyote viwili.

Nyuzi lazima ziwe za chuma, maana nailoni haikibebi chuma kizito. Lakini kama gitaa lako lilizaliwa na nailoni, usilivishe nyuzi za chuma. Seti ya nailoni huvuta kwa karibu kilo 40, ya chuma hufika kilo 70 na kupita. Daraja litang'oka, na joto la pwani litalisaidia kung'oka.

Kisha badili tyuni, yaani noti ambazo nyuzi hutoa zikiwa wazi. Kutoka E A D G B E (uzi mnene wa 6 hadi mwembamba wa 1), shusha uzi wa 6 hadi D, wa 5 hadi G, na wa 1 hadi D. Ukipiga nyuzi wazi sasa unapata chodi (noti zinazolia pamoja kwa kupatana) ya G: D G D G B D. Tunaipendekeza kwa sababu kila uzi unaobadilika unashuka, hakuna wa kukatika. Wapiga dobro (gitaa lenye koni ya chuma ndani) wa Marekani hutumia G B D G B D, ambayo inapandisha uzi wa 6 kwa nusu toni tatu na wa 5 kwa mbili. Hiyo inataka nyuzi nyembamba zaidi upande wa besi.

Soketi ni nyepesi, na mara nyingi ina maandishi yaliyochorwa ambayo ndiyo yanayokwaruza. Nenda gereji uombe pini ya pistoni ya injini ya dizeli. Chuma chake ni kigumu na kimesuguliwa laini tangu kiwandani. Bora kuliko hiyo, mwenye mashine ya kukereza akutengenezee chuma cha duara kisicho na tundu, kipenyo milimita 20, urefu milimita 75. Kitakuwa na uzito wa karibu gramu 185. Ncha moja iwe ya mviringo. Malizia kwa msasa wa maji namba 400, kisha 1000, kisha 2000, hadi kucha isikwame popote.

Sasa wewe. Mwenye kubana kwa kidole huweka kidole nyuma ya freti. Mwenye chuma hukiweka juu ya mstari wenyewe wa freti, na jicho liwe wima juu yake, maana ukitazama kwa pembeni utakosea kila mara. Shika chuma kati ya gumba na kidole cha kati, cha shahada kikilala juu yake. Vidole viwili vya mwisho viburute juu ya nyuzi nyuma ya chuma, upande wa funguo. Usipofanya hivyo, ile sehemu ya uzi iliyo nyuma nayo inalia, na ndiyo kelele unayodhani ni ubovu wa gitaa.

Habari za kazi. Kwenye nyimbo za zamani za filamu za Kihindi, kwenye kantri ya Marekani na kwenye juju ya Nigeria nasikia mlio uleule unaovutika. Ni ala moja? Ilianzia wapi?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Ukoo mmoja, na shina lake ni Hawaii. Wachunga ng'ombe kutoka Mexico walifika huko na magitaa katika miaka ya 1830. Wenyeji wakazilegeza nyuzi hadi zikatoa chodi zikiwa wazi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1880, Joseph Kekuku, kijana aliyezaliwa mwaka 1874 kisiwani Oʻahu, akaikamilisha namna ya kutelezesha chuma juu ya nyuzi hizo. Mwaka 1904 alihamia Marekani bara. Yaliyoieneza kwa kishindo ni maonyesho ya San Francisco ya mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wamarekani walikuwa wakinunua santuri za Kihawaii kwa fujo.

Tatizo likawa sauti ndogo kwenye kumbi kubwa. Hermann Weissenborn wa Los Angeles alitengeneza magitaa yenye shingo tupu ndani. John Dopyera na wenzake wakaja na gitaa la National la mwaka 1927, lenye koni tatu za alumini za kukuza sauti ndani ya kiwiliwili cha chuma, kisha dobro mwaka 1928, yenye koni moja. Halafu umeme: gitaa la Rickenbacker lililobuniwa 1931 na kuuzwa kuanzia 1932, likaitwa kikaango kwa umbo lake. Kwa hiyo gitaa la umeme la kwanza kutengenezwa kwa biashara lilikuwa la mapajani, na wapiga solo wanaojiona ndio wenye umeme wao waiweke hiyo akilini. Kwa kuwa lilisubuliwa kwa alumini, taa za jukwaani zililipasha joto, likatanuka na kutoka kwenye tyuni.

Tofauti za mitindo zinatokana na mikono na tyuni kuliko mbao. Mhawaii hutumia mtikisiko wa pole wa chuma, tyuni kama C6 (chodi ya C iliyoongezwa noti ya A), na noti za kengele anazozipata kwa kugusa uzi kwa kiganja freti 12 mbele ya chuma. Kwenye bluugrasi, kantri ya ala kavu yenye banjo, Josh Graves, aliyejiunga na bendi ya Flatt na Scruggs mwaka 1955, alileta vidole vitatu vinavyozunguka kwa kasi ya banjo, akinyanyua na kugonga chuma kwenye nyuzi. Nchini India, Tau Moe kutoka visiwa vya Pasifiki aliishi Kolkata miaka ya 1940 na kufundisha. Brij Bhushan Kabra akaiingiza kwenye raga, muziki wa jadi wa Kihindi, na Vishwa Mohan Bhatt akaongeza nyuzi za kuitikia, zinazolia zenyewe nyingine zikipigwa, akapata tuzo ya Grammy mwaka 1994. Huko noti moja huvutwa mbali juu ya uzi mmoja, chodi hazina kazi kubwa.

Kantri unayoisikia ni ya stili ya pedali, inayosimama kwa miguu yake na kubadili noti za nyuzi kwa kukanyaga. Katika wimbo wa Webb Pierce uliotoka 1954, Bud Isaacs alikanyaga pedali huku nyuzi zikilia, baadhi zikapanda na nyingine zikabaki, na kila mpiga stili wa Nashville, mji wa kantri, akataka pedali. Mashine ya kawaida ya leo ina nyuzi 10 katika tyuni ya E9. Pedali moja hupandisha B hadi C#, ya pili G# hadi A. Ukizikanyaga zote mbili, chodi ya E inageuka A bila chuma kusogea. Hiyo ya pedali ndiyo iliyosikika kwenye bendi ya juju ya King Sunny Adé, mpigaji akiwa Demola Adepoju.

Shikamooni. Kwaya yetu ina kinanda na magitaa mawili. Ala ya pedali hatuwezi kuipata. Je, nyuzi sita zinaweza kutoa sauti ya kwanza na ya pili kwa pamoja? Na wapo wanaoitumia kanisani?
*Mwalimu wa kwaya, Masasi*

Marahaba, mwalimu. La pili kwanza: katika kanisa la House of God huko Marekani stili imekuwa ala ya ibada tangu miaka ya 1930. Willie Eason aliifanya iige mwimbaji, ikiitikia ubeti kwa uzi mmoja.

Sauti mbili zinawezekana kwa kuinamisha chuma. Chukua tyuni ya G tuliyoitaja juu na utumie uzi wa 2 (B) na wa 1 (D) tu. Panda ngazi ya G hivi: wazi, B na D. Uzi wa 2 freti 1 na wa 1 freti 2, C na E. Freti 3 na 4, D na F#. Freti 5 zote mbili, E na G. Freti 7 zote, F# na A. Freti 8 na 9, G na B. Freti 10 zote, A na C. Freti 12, umerudi B na D, juu zaidi. Penye freti mbili tofauti, ncha ya chuma inayogusa uzi wa 1 inatangulia upande wa daraja. Kosa la kawaida ni kuinamisha kiasi kilekile kila mahali. Freti za juu zimebanana, kwa hiyo mwinamo wa freti 8 na 9 ni mdogo kuliko wa 1 na 2. Fanyeni mazoezi na mwimbaji mmoja akishika sauti ya pili. Sikio litasahihisha haraka kuliko jicho.

Mimi ni seremala. Nataka kuchonga la umeme kwa mpingo mtupu. Vipimo vyake?
*Fundi, Nachingwea*

Mpingo mtupu, hapana. Ubao wa milimita 800 kwa 180 kwa 38 utazidi kilo 6, na mapaja yatakufa ganzi kabla ya wimbo wa tatu. Ukitumia mninga utapata kama kilo 3 na nusu. Mpingo uweke kwenye vidaraja. Kumbuka pia kwamba kuvuna mti kunahitaji kibali, wakati vipande hivyo vidogo utavipata kwa mchongaji.

Kati ya vidaraja viwili acha milimita 571.5. Freti ni mistari ya kuchora tu. Kutoka kidaraja cha juu: ya 1 ipo milimita 32.1, ya 2 62.4, ya 5 143.4, ya 7 190.1, ya 12 285.75. Kwa zilizobaki, gawa urefu uliosalia kwa 17.817, weka alama, kisha rudia. Pima kila moja kutoka mwanzo ukiwa na rula ya chuma, kwa sababu makosa madogo ya kupima hatua kwa hatua hujumlishana. Daraja la chini liwe sambamba na la juu, lisikae mshazari kama kwenye gitaa la kawaida: hapa uzi haubonyezwi wala kutanuka. Sumaku ya kunasa sauti ikae milimita 3 hivi chini ya nyuzi. Waya wa ethi uguse chuma ambacho nyuzi zinafungiwa, la sivyo spika itavuma hata ukizigusa kwa mkono.

Nyuzi zangu zinashika kutu ndani ya wiki mbili. Nifanyeje?
*Msomaji, Mikindani*

Ni chumvi ya bahari na jasho. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, mara tu umalizapo kupiga, na usiliache gitaa dirishani upepo wa kusi ukivuma. Weka ndani ya kasha vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Uzi ulioanza kukwaruza utupe, kwa kuwa kutu yake inachimba chuma chako. Chuma nacho kipake mafuta ya cherehani kidogo kabla ya kukihifadhi, na ukifute kabisa kabla ya kupiga.