Nilitania bukari ya jirani, sasa avenyu nzima imenigeuka

*Jambo Tantine. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Avenyu yetu ina grupu ya WhatsApp, watu 140, kwa mambo ya maji, umeme, wezi na vilio. Karibu kila siku natia humo kichekesho. Siku tisa zilizopita nilipiga picha ya bukari (ugali) ya mama mmoja anayeuza chakula kwenye kona, nikaandika: "Hii bukari ukiiegemeza kwenye mlango, mwizi harudi tena." Watu 23 waliweka kicheko. Asubuhi yake mama alitoka kwenye grupu, na mpaka leo hanisalimu. Wengine walishaipeleka ile picha kwenye grupu zingine, na mume wake anasema atanishitaki. Tena, juzi tulipozungumza mchango wa kutengeneza kabini (transfoma) ya umeme, nilitoa wazo la maana, wakanijibu: "Wewe mcheshi, nyamaza." Nilikosa nini, wakati watu walicheka? Nitoke kwenye grupu?*
*— Mcheshi wa Katuba*

Mwanangu, nikupe kwanza haki yako: mzaha wako ni mzuri. Mlango, mwizi, bukari. Mtu akisoma anaiona picha papo hapo. Ndiyo maana umeumiza. Ungekuwa mzaha mbovu, ungesahaulika usiku uleule na mama angeendelea kukusalimu.

Sasa tuuangalie kwa karibu. Bukari ya mama yule si chakula chake, ni duka lake. Anayemtania mtu kwa kofia yake au kwa namna anavyocheza ngoma anagusa kitu ambacho hakilipi kodi ya nyumba. Wewe umegusa unga alioununua kwa pesa, makala (mkaa) aliyoyanunua kwa pesa, na wateja ambao kesho wanaweza kuvuka barabara wakale kwingine. Kumwambia muuzaji mbele ya watu 139 kwamba bukari yake ni jiwe ni kumwambia mteja asije, hata kama wewe ulitaka kicheko tu.

La pili ni saa. Uliandika usiku, yeye nadhani alisoma alfajiri akiwasha mbabula, jiko lake la makala. Lupangoni, pale uani, mtu akikutania unamjibu palepale: unamtupia neno, watu wanacheka upande wako, mambo yanaisha. Yeye alikuta vicheko 23 vimeshapangwa kama matofali, na zamu yake ya kujibu imepita. Alibaki na jibu moja tu, kutoka.

Kuhusu hao 23: kwenye grupu yenu, ukijitoa wewe, kuna 116 ambao hawakuweka kitu. Sisemi wote walikasirika. Wengine walikuwa wamelala, wengine mega za intaneti zilikuwa zimekwisha. Lakini kidole kinaweza kucheka bila mdomo kujua, tena mtu akiona wenzake kumi wameweka kicheko, wa kumi na moja anaweka ili asionekane mgumu. Usiwalete hao kama mashahidi wako. Hakuna hata mmoja atakayekwenda na wewe kwa yule mama.

Halafu ile picha ilipoanza kutembea, mzaha ulikufa njiani. Ujumbe ukipelekwa mbele, WhatsApp inaweka alama ya mshale kuonyesha kwamba umetoka kwingine. Haimwonyeshi aliyeandika kwanza, wala haionyeshi kwamba alikuwa kijana anayependa kutania majirani. Kwenye grupu ya tatu umebaki ushuhuda wa mtu asiyejulikana: bukari ya mama wa kona ile ni mbaya. Kama sufuria yake au kibanda chake vinaonekana kwenye picha, basi na anwani umewapa.

Turekebishe, na kwa mpangilio huu, kwa sababu wengi wanaanzia mwisho.

Usianze na simu, anza na miguu. Usiende asubuhi anapopika wala saa wateja wanapojaa. Nenda alasiri, sufuria zinapooshwa. Enda na mtu mzima mmoja anayemheshimu, na umchague asiyecheka ovyo. Usibebe pesa. Pesa mkononi siku ya kwanza inaonekana kama unanunua kinywa chake, na mume wake ataitaja kwa shefu wa avenyu. Sema maneno machache: "Mama, nilipiga picha ya bukari yako bila kukuuliza, nikaitania mbele ya watu. Nimegusa kazi yako. Nimekosa, naomba unisamehe." Kisha funga mdomo. Acha aseme yote, hata akitukana kidogo. Maneno matatu yatakuharibia: "ilikuwa mchezo tu", "wengine walicheka", na "kama nimekukwaza". Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, maana mtu ambaye hata hakusalimu, unamwambia bado una shaka kama alikwazika.

Kabla ya kuondoka, muulize kama anataka uandike kwenye grupu. Wengine wanataka, wengine wanaona ni kuwasha moto uliokwisha kuzimika. Akikubali, andika usome kwake kwanza. Iwe maandishi, isiwe sauti ya dakika nne. Sauti wengine hawaifungui, na anayeifungua anasikia kila mahali ulipotaka kucheka. Kitu kama hiki kinatosha:

"Jirani zangu, wiki iliyopita nilitia hapa picha ya bukari ya mama wa kona bila ruhusa yake na nikaitania. Nilikosa. Nimeenda kwake kuomba msamaha. Aliyepeleka ile picha kwenye grupu nyingine, naomba apeleke na huu ujumbe pia."

Hakuna jina la mama, hakuna vicheko vya manjano, hakuna Biblia. Mistari minne tu.

Kuifuta ile picha? WhatsApp inatoa kama siku mbili na kidogo kufuta ujumbe kwa wote. Wewe uko siku ya tisa, mlango huo umefungwa. Hata ungewahi, kufuta kunaacha alama kwamba kuna ujumbe umefutwa, na nakala zilizokwisha kupelekwa kwingine hazifutiki. Kwa siku zijazo jua hili: ukibonyeza kwa haraka "futa kwangu tu" badala ya "futa kwa wote", ujumbe unapotea machoni pako na unabaki kwa wengine wote, na nafasi ya kurudisha ni sekunde chache. Kusahihisha maneno unapewa dakika 15. Kwa hiyo ukisharusha mzaha, usiweke simu chini ukaenda kuoga. Kaa nao hizo dakika.

Na kula kwake. Siku mbili tatu baada ya msamaha nenda kama mteja, agiza bukari na sombe (majani ya muhogo), maliza sahani, lipa bei ya kila mtu. Simu ibaki mfukoni!

Mume wake sitamcheka. Kanuni ya adhabu yetu ya Kongo inaadhibu matusi ya hadharani, na Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, kwenye kifungu cha 360, inamgusa anayeanzisha au anayesambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao: kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita na faini ya franka 500.000 hadi 1.000.000, au moja kati ya hizo. Kama mzaha juu ya bukari unaingia humo, hilo ni la majaji. Lakini soma vizuri: anayesambaza naye yumo. Waonyeshe kifungu hicho wale rafiki zako walioipeleka picha mbele. Na mume akiitisha kikao kwa shefu wa avenyu, nenda bila kusukumwa. Huko jambo linaisha kwa maneno, parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, linakula siku na pesa.

Utaniuliza basi utanie nini. Angalia Mazembe na Lupopo, timu zetu mbili za mpira hapa mjini. Kunguru (Mazembe) na wana-reli (Lupopo) wametukanana tangu babu zetu, timu zote mbili za mwaka 1939, na mji haujaungua. Shabiki wa Lupopo atakukumbusha 3–0 ambayo Mazembe walifungwa na Inter ya Italia kule Abu Dhabi mwaka 2010, fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Wa Mazembe atamjibu kwamba hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali ile kabla yao, na wewe ulikuwa wapi siku hiyo? Kila upande una mdomo, una historia, na una mechi nyingine inayokuja ya kulipizia. Ndivyo na utani wa mjukuu na babu, au wa mashemeji: kila mmoja anajua zamu yake itafika. Mama wa bukari hakuwa na mechi ya marudiano. Angekujibu na nini? Apige picha ya nini yako?

Kwa hiyo, kabla ya kurusha, jione umesimama mbele ya mwenyewe, ameshika mwiko. Ungeyasema hayo maneno? Kama ndiyo, rusha. Tania umeme uliokatika wakati pasi iko katikati ya suruali, tania foleni ya bidoni (madumu) za maji, jitanie wewe mwenyewe, ambaye naona una mengi ya kutaniwa. Kukiwa na msiba kwenye avenyu, nyamaza mpaka wazikwe. Na lafudhi ya mtu au kabila lake usiguse kabisa, hata mwenyewe akianza. Kwenye grupu ya watu 140 wa Lubumbashi kuna watu wazima wanaokumbuka watu wa Kasai waliofukuzwa hapa Katanga mwaka 1992 na 1993, wakilala kwenye stesheni wakingoja treni. Kicheko chako hakitafika huko.

Sasa kabini. Wamekunyamazisha kwa sababu hawajui ni mdomo upi unaosema, wa mzaha au wa kazi. Sina ujumbe wako, lakini naweza kukisia: ulianza na kichekesho ili wakusikilize. Usifanye hivyo tena kwenye jambo la pesa. Weka hesabu, sababu, na swali moja: "Tuko lupango 46. Tatu zina soudure (mashine za kuchomelea vyuma) na zinakula umeme kuliko sisi. Napendekeza hao watatu watoe mara mbili. Nani anapinga, na kwa nini?" Asiyekubali atabishana na hesabu, hatabishana na wewe. Na atakayekujibu kwa mzaha, siku hiyo usicheke naye.

Usitoke kwenye grupu. Ukitoka, watasema umekimbia, na hutajua siku ya maji. Pumzisha vichekesho wiki mbili, lakini usipotee. Ukisikia bomba linakoroma usiku wa manane, andika "Maji yametoka", basi, watu waamke na bidoni zao.

Tantine