Malalamiko yangu niliyapeleka kwa mwenye enzi

Wiki iliyopita, saa nane usiku, simu yangu iliita. Alikuwa mama kijana wa jumuiya yetu hapa Musoma. Yuko wodini Mwanza na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na majibu ya damu yalikuwa yametoka mchana ule: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hata shikamoo ilimpotea. Aliniuliza tu, "Mama, nikimwambia Mungu nimemkasirikia, nitakuwa nimekufuru?"

Alinipigia mimi kwa sababu njia hiyo nimeipita. Binti yetu wa kwanza alizaliwa na ugonjwa huohuo. Tuligundua akiwa na miezi 14, vidole vya mikono na miguu vilipovimba kama tangawizi, watu wakituambia ni baridi ya ziwa. Tulimzika akiwa na miaka saba, mwezi wa nne, katikati ya masika. Mwaka huu ni wa sita.

Nilimjibu kwamba hajakufuru, tukaongea hadi adhana ya alfajiri. Niliyomwambia nayaandika hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kwenye msiba wetu nilisikia sana maneno mawili. "Kazi ya Mungu haina makosa." Na lile lingine, "Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi." Siwalaumu waliosema. Ndiyo maneno tuliyorithi, na mtu asipojua la kusema hushika lililo karibu. Lakini hilo la pili naomba tuliache kabisa. Mama aliyetoka kufukia kaburi la mwanawe akiambiwa hivyo, anachosikia ni kwamba kupendwa na Mungu ni kunyang'anywa. Hilo la kwanza ni la kweli, naliamini hadi leo, ila kwangu lilikuja kama mkono wa kuniziba mdomo. Nikazibwa. Kwa karibu mwaka mzima niliimba kwaya, nikapika kwenye semina za akina mama, nikaitikia "amina" mahali pake, wala sikumwambia Mungu sentensi moja iliyotoka moyoni. Nilidhani kunyamaza ndiko kuukubali utawala wake.

Kilichonigeuza ni kukisoma kitabu cha Ayubu chote. Mazishini tunasomewa sura ya 1, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa," halafu mahubiri yanarukia sura ya mwisho, Ayubu anaporudishiwa mali. Katikati ya hapo kuna sura nyingi ambazo mtu huyohuyo analaani siku aliyozaliwa, anamtaka Mungu waketi wahojiane, anasema maneno ambayo sisi tungemwita mzee wa kanisa aje amtulize. Marafiki zake ndio wanaozungumza kama wahubiri: wanamtetea Mungu, wanaeleza sababu, kila kitu kimenyooka. Kisha unafika 42:7, na Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa marafiki hao, kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa maana hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Nilikuwa nimekaa jikoni, maharage yanachemka. Niliurudia mstari ule mara tatu, nikalia kilio ambacho msibani kilinikataa.

Nikaelewa jambo ambalo kwetu tunalijua vizuri nje ya kanisa. Ukinyang'anywa shamba huendi kumlilia mpita njia. Unakwenda kwa mwenye mamlaka: mwenyekiti wa kijiji, baraza la kata, na asipokusikia huyu unapanda kwa aliye juu yake. Kulalamika mbele ya mtu ni kukiri kwamba neno lake ndilo lenye nguvu. Daudi anapouliza "Ee BWANA, hata lini?" anajua muda uko mkononi mwa nani. Zaburi ya 88 haina hata mwisho mzuri, inaishia gizani, lakini tangu mstari wa kwanza anayesemeshwa ni BWANA. Kwa hiyo nilimwambia yule mama: kasirika, ila kasirikia kwake. Usigeuze uso ukaanza kumsema pembeni. Hatari niliyoiona mimi ilikuwa ile adabu yangu baridi, ambayo ilikuwa imeshaanza kuwa kwaheri.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu njia mbili nyingine. Ya kwanza aliniletea rafiki aliyenipenda kweli. Alisema Mungu hakuhusika hata kidogo na kifo kile, kazi yote ni ya Shetani. Nilipata nafuu kwa siku kadhaa. Kisha usiku mmoja nikamwangalia mdogo wa binti yangu amelala chini ya chandarua, nikawaza: kama yule alimponyoka Mungu, huyu ameshikwa na nani? Yesu alisema mashomoro wawili huuzwa kwa senti moja, wala hata mmoja haanguki chini asipojua Baba. Soma polepole. Shomoro anaanguka. Yesu hafichi hilo. Anachokataa ni kwamba aanguke nje ya macho na mkono wa Baba, na siku nilipoona hivyo ndipo niliweza kulala tena.

Njia ya pili ilitugharimu. Binti yetu alipokuwa na miaka minne tulipelekwa kwenye maombi, tukaambiwa ni laana ya ukoo na kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Tuliacha vidonge vya foliki na dawa zake zote kwa wiki tatu. Ya nne ilitukuta wodini, mtoto anapiga kelele kwa maumivu ya mifupa, damu ikitafutwa ya kumwongezea. Sitaki mzazi mwingine apite hapo, basi niliseme wazi. Selimundu hurithiwa, ni kweli, lakini si laana. Mimi na baba yake kila mmoja amebeba chembe moja ya urithi ya ugonjwa huu bila kuugua, na wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuzaliwa mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Wanafunzi walipouliza kuhusu yule kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, Yesu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Na ukiambiwa dawa inapingana na imani, fungua 2 Wafalme 20. Mungu alikwisha kumwahidi mfalme Hezekia kumponya na kumwongezea miaka 15, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatoka, na dawa ikapakwa. Mungu anayetawala, anatawala na kliniki pia. Mkienda kufunga ndoa, pimeni damu. Mtoto akiandikiwa haidroksiyurea, dawa ya selimundu, mpe kila siku bila kuruka. Akipata homa usisubiri kukuche.

Utaambiwa pia kwamba ukiomba jambo lilelile mara ya pili umeonyesha shaka. Yesu kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke mara tatu, kwa maneno yaleyale. "Si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe" aliyasema akiwa na jasho na huzuni, baada ya kutaja waziwazi anachokitaka. Sisi wengi tunakimbilia nusu ya pili ya sala hiyo kwa sababu tunaiogopa ile ya kwanza. Taja kwanza. Mwambie Mungu unataka mtoto apone.

Kuhusu sababu, swali la "kwa nini," nina neno moja tu, nalo limetoka kwa Yusufu. Wengi wanakupa sentensi yake siku ya tatu ya msiba: ninyi mlikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Hebu hesabu miaka. Aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17. Alisimama mbele ya Farao ana miaka 30. Ikaja miaka saba ya shibe, na miwili ya njaa kabla ya kujitambulisha kwa ndugu zake. Baba yao akaishi Misri miaka 17 ndipo akafa, na sentensi ile Yusufu aliisema baada ya mazishi hayo. Ni kama miaka 39 tangu lile shimo. Tena aliisema mwenyewe, kuhusu maisha yake, huku analia. Hakuna aliyeingia gerezani kumwambia. Mimi niko mwaka wa sita na jibu sina. Ninaamini lipo kwa Mungu, na ninaamini kwamba Yesu aliyelia akienda kaburini kwa Lazaro, dakika chache kabla ya kumfufua, hanioni mpungufu wa imani ninapolia hali najua kuna ufufuo.

Jambo la nyumbani ambalo ningetamani kuambiwa mapema: mume wako huenda asilie kama wewe. Wangu alikuwa akienda kupalilia shamba ambalo halikuwa na magugu. Nilimhukumu moyoni kwa miezi mingi, kumbe kule shambani ndiko alikokuwa anamlilia Mungu.

Na mnaokwenda kufariji, marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja sawasawa kabla hawajaharibu. Walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno.

Jana yule mama aliniandikia ujumbe: "Nimemwambia, mama." Hakusema amemwambia nini, nami sikuuliza. Jumamosi napanda basi la asubuhi kwenda Mwanza. Nimeshasaga ulezi wa uji, na nimetoa kitenge kikavu, kwa sababu usiku wa wodini una baridi.