Kabla hujauza amplifaya yako

Ndugu, umesema umechoka kubeba amplifaya kila shoo na unasita kati ya HX Stomp na Quad Cortex, vifaa vya kukanyaga kwa mguu vinavyoiga sauti za amplifaya za gitaa. Kwa utamu wa sauti, chochote kati ya hivyo kitakutosha. Angalia swichi za mguu: Stomp ina 3, Quad Cortex 11. Kama ndani ya wimbo mmoja unahama kutoka sauti safi kwenda ya kukwaruza kisha solo, 3 zitakubana. Stomp pia inataka volti 9 na ampea 3, umeme ambao adapta nyingi za pedali hazina. Beba adapta yake, na ya akiba.

Ukichomeka kwenye mikisa, washa uigaji wa spika, yaani kifaa kuiga sauti ya spika ya gitaa. Ukichomeka kwenye amplifaya ya gitaa, uzime, la sivyo sauti itafifia.

Kinachoangusha wengi ni kutengeneza sauti chumbani, kimyakimya. Sauti ikipanda, masikio husikia besi na ukali zaidi, kwa hiyo tafadhali ipange kwa ukubwa wa jukwaani, bendi nzima ikipiga. Amplifaya usiuze mpaka shoo kadhaa zipite salama.

Ukisikia mngurumo wa umeme kwenye spika, kamwe usikate waya wa ethi ili kuuondoa. Mwite fundi umeme.