Kwanza ng'oeni diski

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: kompyuta za serikali zikichakaa, zigaiwe skuli au zipelekwe kurejelezwa? Zisigaiwe. Skuli zetu za Zanzibar, za Micheweni na Makunduchi, hazikujengwa ziwe ghala la mali iliyowashinda watu wa ofisi za serikali za Vuga. Ila nyinyi mnauliza ziende wapi, na mimi naona la kuuliza kwanza ni zinatoka ofisini na nini ndani yake.

Tena msiangalie kompyuta tu. Mwaka 2010 waandishi wa CBS News huko Marekani walinunua fotokopi nne kuukuu kwenye ghala moja la New Jersey, kwa dola 300 hivi kila moja. Walizichagua kwa bei na kwa idadi ya kurasa zilizokwisha kuchapa. Moja, hata haijawashwa, ilikutwa na karatasi juu ya kioo: za polisi wa Buffalo, kitengo cha makosa ya kujamiiana. Kuchomoa diski, chombo cha ndani kinachobaki na nakala za kurasa zilizopita, kukachukua nusu saa. Wakatumia programu ya bure ya kwenye intaneti, na kwa muda wa chini ya saa 12 wakawa na makumi ya maelfu ya nyaraka. Mashine ile ya polisi ilikuwa na malalamiko ya watu waliopigwa majumbani mwao. Ya pili, ya kitengo cha dawa za kulevya cha polisi hao hao, ilikuwa na orodha ya waliokusudiwa kuvamiwa. Ya tatu ilitoka kampuni ya ujenzi, na hati za mishahara. Ya nne ilitoka kampuni ya bima ya afya, Affinity Health Plan, ikiwa na kurasa 300 za habari za wagonjwa: dawa, majibu ya damu, hata saratani. Mwaka 2013 kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 kumaliza shauri. Hakuna aliyevunja mlango. Diski tu ilisahauliwa.

Sasa fikirieni kinachopita juu ya kioo hapa kwetu: hati za ardhi, vyeti vya kuzaliwa, majalada ya mahakama ya kadhi.

Kufuta faili hakutoshi, maana maandishi hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Diski ya sahani ijazwe sifuri mwanzo hadi mwisho. Mara moja inatosha. SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani, haitibiwi hivyo, kwa kuwa ina sehemu ambazo kompyuta haizifikii. Ipewe amri yake yenyewe ya kujifuta. Diski isiyowaka itobolewe kwa drili, na fundi avae miwani, kwani sahani za diski za laptop mara nyingi ni kioo. Namba ya diski iandikwe daftarini pembeni ya namba ya mashine, watie saini wawili.

Betri ya UPS, kile kisanduku kinachoiwasha kompyuta umeme ukikatika, hata ile ndogo ya volti 12, ina uzito wa kilo 2 hivi, sehemu kubwa madini ya risasi. Ikipasuliwa ovyo, risasi na asidi huzama ardhini, na Unguja maji ya kunywa tunayatoa humo humo, chini ya mawe yenye matundu. Ncha zifungwe utepe, isimamishwe wima, iende kwa mnunuzi mwenye kibali. Isiende jaa la Kibele.

Lakini kadiri ninavyoandika naona "zisigaiwe" yangu ni kali mno. Kinachochosha kompyuta ya miaka saba mara nyingi ni diski na memori, na diski yenyewe inang'olewa vyovyote. Itiwe SSD mpya na memori ya GB 8, inarudi kazini. Betri ya CR2032, ile ndogo kama kifungo inayotunza saa ya kompyuta, nayo ibadilishwe: ikifa, saa hurudi nyuma miaka, tovuti zikakataa kufunguka, mwalimu akadhani intaneti ndiyo mbovu. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025. Zisizopokea Windows 11 zitiwe Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Na kupeleka nje kumekuwa kuzito: tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel, wa kimataifa juu ya kusafirisha taka za hatari, unataka taka zote za kielektroniki ziombewe kwanza ridhaa ya nchi inayozipokea.

Basi zigaiwe, bila diski za zamani, bila UPS, bila skrini za chogo zenye risasi kwenye kioo, na kwa maandishi kwamba zikifa ofisi iliyozitoa itazichukua tena, kwa sababu skuli haina fungu la taka hizo. Fotokopi bado nasema hapana, mpaka diski yake ionekane mkononi mwa fundi.

Msomaji, Chake Chake