Muache buibui wako, kaa umwangalie anavyosuka

Umeuliza kama umtoe huyo buibui anayesuka utando wa duara kila jioni barazani, na mbona asubuhi utando haupo. Mi nakwambia muache, hana shida na mtu, anakula wadudu tu, na utando haujapotea, buibui wengi wa aina hii wanaula wenyewe halafu unatumika tena kutengeneza nyuzi mpya.

Ukitaka kumwona, toka nje jua likizama, maana kazi nzima inaweza kuisha ndani ya saa moja. Anaachia uzi mmoja upeperushwe na upepo mpaka unase upande wa pili, hilo ndo daraja lake, kisha anavuta nyuzi za kutoka katikati kama spoku za baiskeli. Sasa hapa ndo patamu: anazungusha kwanza uzi usionata kutoka katikati kwenda nje, huo ni wa kukanyagia tu, halafu anageuka anarudi kutoka nje kuingia ndani akiweka ule wa kunata huku anaondoa ule wa kwanza, na nafasi zote anazipima kwa miguu, macho yake hayaoni vizuri kabisa! Tochi iwe hafifu, imulike kwa pembeni, na usimpulizie pumzi, akishtuka anakimbia.