Umehamia Katuba, karti ya Ruashi: utapiga wapi?

Mdogo wangu, umehamia komini ya Katuba, Lubumbashi, na unauliza kama utapiga kura huko wakati karti yako ya mpiga kura ni ya komini ya Ruashi. Unapiga pale jina lako lilipo kwenye orodha. CENI, tume ya uchaguzi ya Kongo, ikifungua tena uandikishaji, nenda ubadilishe adresi. Karti uitunze mbali na jua. Nyingi za 2023 maandishi yalifutika, na wenyewe wakapanga foleni ya duplikata, yaani nakala mpya ya karti.

Kuhusu wagombea: usichague kwa pagne (vitenge) na fulana wanazogawa. Aliyekuwa mbunge, uliza ameongea nini bungeni juu ya maji na umeme wa mtaa wenu. Kisha andika namba ya mgombea uliyemchagua kwenye kikaratasi, usimtafute sana kwenye mashine ya kura. Mwaka 2023 tulipiga kura nne siku moja kwenye mashine, picha zimejaa skrini, mzee mbele yangu akapotea kabisa.