Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapaliwa kila akilishwa: rekebisha mkao kwanza, kisha uji, kisha kijiko

Dada, nimesoma swali lako lote. Mwanao ana miaka mitatu, ana mtindio wa ubongo, bakuli moja la uji linachukua saa nzima, anakohoa kila baada ya vijiko viwili vitatu, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala miezi minne sasa. Majirani wanakushauri umlaze mapajani, umbane pua, umnyweshe kwa kiganja. Naanza na hilo la majirani kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote: acha leo. Mtoto aliyelala chali na pua imebanwa hana pa kuvutia hewa isipokuwa mdomoni, na mdomoni umejaa uji. Akivuta pumzi, uji unaifuata hewa mpaka mapafuni. Huko ndiko inakotoka nimonia inayowarudisha watoto hawa wodini kila mara.

Umeuliza pia kama ni ukaidi. Hapana. Mtu akimeza, njia ya hewa kooni hujifunga kwa muda mfupi mno, chakula kikapita, kisha ikafunguka. Kwa mwanao misuli ya ulimi na koo inachelewa kuitikia. Kitu chepesi kama maji kinatiririka hadi kooni kabla njia ya hewa haijajifunga, ndiyo maana maji na uji mwepesi humpalia kuliko ndizi iliyopondwa. Kikohozi chake ni mwili kujitetea. Na wapo watoto wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo. Hao unawatambua kwa sauti yenye majimaji baada ya kumeza, kama mtu anayesukutua, macho kulengalenga machozi katikati ya mlo, kifua kukoroma baadaye, na homa zinazorudi bila sababu inayoonekana.

Sasa mkao. Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ukikosea hapa, hakuna uji wala kijiko kitakachokuokoa.

Mtoto anayejikaza hupinda mgongo nyuma kama upinde, kidevu kinaelekea juu, mdomo unaachama. Kichwa kikiwa hivyo njia ya hewa imekaa wazi na kumeza ni vigumu mno. Jaribu mwenyewe: angalia dari, kisha umeze mate. Wengi wetu tukiona hivyo tunaweka kiganja kisogoni na kusukuma kichwa mbele. Usifanye hivyo. Ukimgusa kwa nguvu kisogoni, mwili wake unajibu kwa kusukuma nyuma zaidi. Anzia nyonga. Mkalishe makalio yakiwa yamerudi kabisa nyuma ya kiti, nyonga zimekunjwa kama pembe ya mraba, magoti nayo yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu kigumu na si kuning'inia. Nyonga zikikunjwa vizuri, ule mkazo wa mgongo unalegea wenyewe. Kisha leta mabega mbele kidogo, mikono yote miwili ikae mezani au mapajani pake, na kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Kidogo tu. Kikigusa kifua, koo linabanwa.

Huna kiti maalumu? Tumia beseni la plastiki lenye kingo imara: weka khanga zilizokunjwa nyuma ya kiuno na pembeni mwa mbavu, na khanga iliyoviringishwa chini ya magoti ili nyonga zikunjike. Kona ya ukuta nayo inafaa, kwa sababu kuta mbili zinasukuma mabega mbele. Ukimpakata, weka mguu wako mmoja juu ya kigoda ili paja linyanyuke na nyonga zake zikunjike, mkono wako upite nyuma ya mabega yake, si nyuma ya kichwa.

Na wewe ukae wapi? Hili husahauliwa na karibu kila mtu. Anayelisha akisimama au akikaa juu kuliko mtoto, mtoto huinua uso kumtazama, na kidevu kimeshapanda. Kaa kwenye kigoda au mkeka, macho yako yawe sawa na yake au chini kidogo. Kijiko nacho kije kutoka mbele na chini, si kutoka juu.

Tuje kwenye uji. Kwa mtoto anayepaliwa na vitu vyepesi, uji wa kuanzia ni ule unaokaa kijikoni bila kumwagika, na ukiinamisha kijiko unaanguka wote kwa pamoja kama tonge laini. Uchote kwa uma: ubaki juu ya meno ya uma kama kilima kidogo, usichuruzike chini. Kuna kipimo cha vinywaji, cha IDDSI, yaani mfumo wa kimataifa wa kupanga uzito wa vyakula na vinywaji kwa watu wenye shida ya kumeza, unachoweza kukifanya jikoni. Chukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, ambalo kwa rula alama ya 0 hadi ya 10 ni milimita 61.5. Toa mchi wake, ziba tundu la chini kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, kisha ziba tena. Ikibaki chini ya mililita 1, hicho ni chepesi kama maji. Ikibaki kati ya 4 na 8, kina uzito kiasi. Ikibaki zaidi ya 8 kinakaribia kuwa cha kijiko. Pima kikiwa na joto lile lile la kulishia, maana uji ukipoa unakuwa mzito. Andika kipimo ambacho hapaliwi nacho, ili bibi yake au dada wa kazi apike hivyo hivyo.

Usikimbilie upande wa pili pia. Uji mzito unaonata kama ugali hubaki umegandia kwenye kaakaa, yaani dari ya kinywa, na kooni, na masalia hayo huteremka baadaye wakati hakuna anayeangalia. Laini na mzito, si wa kunata: mafuta kidogo yanasaidia. Kibaya kuliko vyote ni mchanganyiko, yaani supu yenye vipande, chungwa, wali wenye mchuzi mwingi. Majimaji yanatangulia kooni wakati ulimi bado unahangaika na kipande. Ponda, kisha pitisha kwenye chujio.

Jambo moja linawachanganya akina mama wengi: uji ulianza mzito, mlo ukifika nusu umekuwa maji, na mtoto anaanza kupaliwa. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kila kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi bakulini kinapeleka mate, na uji unalegea mbele ya macho yako. Dawa yake ni kugawa: weka vijiko sita hivi kwenye kibakuli kidogo, vikiisha chota vingine kutoka sufuriani kwa kijiko kisafi. Maziwa ya mama yana kimeng'enya cha namna hiyo hiyo, kwa hiyo uji uliochanganywa nayo hulegea haraka. Kimea cha ulezi au mtama nacho hufanya kazi hiyo. Kinasifiwa, na kwa haki, kwa kuruhusu unga mwingi kwenye uji unaomezeka, lakini kwa mtoto huyu pima uzito upya baada ya kukitia.

Kijiko kiwe kidogo, bapa, kisicho na shimo refu. Plastiki ngumu isiyovunjika ni nzuri, ile nyembamba ya kutupa usitumie kabisa kwa sababu anaweza kuing'ata ikapasuka. Chota nusu ya kijiko cha chai. Kiingize kikiwa bapa, kandamiza taratibu katikati ya ulimi, hiyo inauzuia ulimi usisukume chakula nje. Subiri mdomo wa juu ushuke, kisha toa kijiko moja kwa moja mbele. Usikwangue uji kwenye meno ya juu kwa kunyanyua kijiko. Hapo umemwinua kidevu tena. Meno yakifunga juu ya kijiko, usivute. Ukivuta ndivyo anavyozidi kuuma. Tulia, inamisha kichwa kidogo mbele, taya itaachia.

Kama mdomo haufungi, msaidie kwa vidole vitatu. Ukiwa mbele yake: dole gumba katikati ya mdomo wa chini na kidevu, kidole cha shahada pembeni mwa taya, kidole cha kati kimekunjwa chini ya kidevu. Unaegemeza, hukabi. Angalia koo lipande na kushuka, kisha subiri mmezo wa pili ndipo ulete kijiko kingine. Kusubiri huku ndiko watu wanakokosa subira, na ndiko kunakopunguza kikohozi kuliko kitu kingine chochote baada ya mkao.

Kwa maji, tafuta kikombe laini cha plastiki ukate ukingo mmoja kwa umbo la nusu mwezi, kingo ulainishe kwa msasa. Upande uliokatwa unakaa puani, hivyo anakunywa bila kuinua kichwa. Tangulia kuyafanya mazito kwa uji laini uliochujwa. Maji usimnyime kwa kuogopa kupaliwa: watoto hawa hupata choo kigumu, na tumbo lililojaa choo halina nafasi ya chakula. Papai lililopondwa linasaidia pia.

Mlo usizidi dakika 30. Baada ya hapo misuli imechoka, na kinachoingia kinapotea njia. Badala ya milo mitatu mirefu fanya mitano au sita mifupi, na kila bakuli libebe nguvu zaidi. Kijiko cha chai cha mafuta ya kula kinaongeza kilokalori 40 hivi bila kuongeza ujazo. Siagi laini ya karanga, parachichi, yai lililopondwa na dagaa waliosagwa vinafanya kazi hiyo vizuri. Akimaliza abaki amekaa wima nusu saa, asicheue. Kisha msafishe kinywa kwa mswaki laini, kwa sababu mate yenye uchafu yakimpalia huharibu mapafu kama chakula.

Kama anatumia dawa za kifafa, usizichanganye kwenye bakuli zima. Akiacha nusu, hujui amepata dozi gani. Ziweke kwenye kijiko cha kwanza. Vidonge vya kabamazepini au valproeti vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole havisagwi. Mwambie mfamasia hamezi vidonge, aangalie kama kuna ya maji. Fenobabito isikatishwe ghafla hata ikiisha Jumapili, kwa hiyo chukua nyingine kabla haijaisha. Akitoka kwenye degedege, au amesinzia, hakuna kulisha mpaka awe macho kabisa.

Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwinamishe mbele umwache akohoe, usimpe maji. Akishindwa kukohoa wala kutoa sauti, mpige kwa kiganja mara 5 kati ya mabega akiwa ameinama. Isipotoka, zunguka nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, sukuma ndani na juu mara 5, rudia, na mtu mwingine atafute gari. Usitie kidole kutafuta usichokiona.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akihema mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia (hesabu dakika nzima), kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu, au midomo ikibadilika rangi. Utepe wa kliniki wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali na unatibiwa, usiambiwe kwamba watoto hawa ndivyo walivyo. Na kama nimonia inajirudia au uzito haupandi pamoja na haya yote, uliza kuhusu mpira wa kulishia, unaopeleka chakula moja kwa moja tumboni. Kulishwa kwa mpira hakumaanishi umeshindwa kumlea. Kwa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ina huduma za utengamao (mazoezi na vifaa vya kumsaidia mwenye ulemavu) kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Kwingine anza na fiziotherapia ya hospitali ya mkoa.

Siku ya kliniki usiende na maelezo matupu. Beba uji wake kwenye chupa ya chai, kijiko chake, kikombe chake na ile khanga unayomwegemezea, uombe umlishe mbele ya muuguzi au mtaalamu wa viungo kuanzia kijiko cha kwanza hadi cha mwisho.